Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumatatu, 7 Aprili

Tumesimamishwa masomo watatu: mimi, Kombe na Trizah. Barua zimefika leo pamoja na mvua ya kwanza ya masika, yangu ikiwa imelowa pembe. Zinadai kwamba tulichochea mgomo wa siku nne dhidi ya Idara ya Fizikia, na kwamba kamati ya nidhamu itatusikiliza tarehe 17 Juni. Anayetaka kurudi darasani kabla ya hapo ana mpaka tarehe 30 Mei kuandika barua ya kuomba radhi na kukiri kwamba mgomo haukuwa na sababu.

Haukuwa na sababu! Basi niiandike hapa, ili siku itakapotafutwa isiokotwe vinywani mwa waoga. Niliwasilisha mradi wa mwaka wa mwisho wenye kurasa arubaini. Nilisema kwamba nafasi, ule uwazi tunaoupita kila siku tukidhani si kitu, ni kitu. Kwamba ni mfano wa kitambaa kilichovutwa kikakaza. Na kwamba maada yote, mawe na maji na nyama yetu na nyota, haikuwekwa juu ya kitambaa hicho bali ni vitobo ndani yake, vitobo vilivyoshonwa ukingoni visichanike. Uzi unaokizunguka kitobo ndio chaji ya umeme. Kitambaa kinavyovutika baina ya vitobo viwili ndio uvutano. Sisi, niliandika, ni pale ambapo nafasi imekosekana, tena imekosekana kwa ustadi.

Daktari Kyalo alinipa sifuri. Katika kurasa arubaini aliona haja ya kuandika swali moja tu, kwa kalamu nyekundu, ukurasa wa kumi na moja, kando ya mraba wa umbali katika hesabu yangu ya uvutano: "Mraba huu umetoka wapi?" Kanuni za chuo zinampa mwanafunzi aliyeangushwa haki ya kujitetea mbele ya jopo. Nikaomba jopo, nikakataliwa. Nikapanda juu ya meza ya maktaba, nikauinua ule ukurasa, nikalisoma lile swali kwa dhihaka, na umati ukanijibu wenyewe, bila kufundishwa: "Umetoka kwetu!" Kwa siku nne ukumbi ulitikisika. Mraba huu umetoka wapi? Umetoka kwetu!

Watatusikiliza Juni. Nasi tutasikika.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimeandika upya sura ya tatu.

Jumamosi, 12 Aprili

Naishi Mji wa Kale kwa shangazi yangu, Bi Ummukulthum, orofa ya pili. Hushona kofia za vitobo kwa mkono. Kwanza huchora nakshi kwa penseli juu ya kitambaa kilicholala bapa. Kisha hutoboa kwa sindano nene, na kila kitobo hukizungushia uzi mara nane mpaka kisimame chenyewe. Nakshi yote ya kofia ni matundu. Nimekua nikimtazama akifanya kazi hii, na ni hapo, si katika vitabu vya watu, ndipo nilipoipata nadharia yangu: kwamba kitu kinaweza kuwa ni upungufu uliotunzwa.

Leo nilimweleza tena. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hivyo wasema mimi ni tundu."

"Si tundu tupu, shangazi. Tundu lililoshonwa."

"Haya. Basi tundu lataka chai. Nenda kateleke maji, mwanafalsafa."

Jumamosi, 19 Aprili

Kombe ametia sahihi.

Alikuja kuniambia kwenye baraza la kahawa, mbele ya watu, akijichekesha kama kawaida yake. "Komredi, mama ameniuliza swali moja tu: hicho kitambaa chenu chalika? Nikakosa jibu." Nilisimama. Nilisema kwamba historia ya bara hili imeandikwa kwa wino wa watu wa aina yake, watu wanaokubali kwa tumbo walichokikataa kwa akili, nikamwita mtumwa. Wazee waliacha vikombe vyao. Kombe alimaliza kahawa, akasema, "Umesema vizuri, wallahi. Ningekuwa si mimi ningepiga makofi," akaondoka mvuani bila mwavuli.

Jumatatu anarejea darasani, nasikia. Na aketi huko.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua siku ya sita. Ukuta wa chumbani umeota ukungu. Sura ya tatu haikai.

Jumapili, 4 Mei

Trizah amekuja kwa shangazi, siku yake ya mapumziko. Niseme yeye ni nani, kwani nimemwandika kwa jina tu kana kwamba ni bendera. Ndiye bora wetu katika hesabu. Baba yake, Mzee Oloo, alikuwa fundi wa reli hadi alipostaafu. Anayemsomesha ni mfadhili, na ufadhili huo ni wa mwanafunzi mmoja tu katika idara. Asipoandikishwa upya kufikia tarehe 30 Mei, utapewa mwingine. Tangu tusimamishwe amepata kibarua Shimanzi, karani wa getini katika yadi ya makontena.

Kwenye mgomo hakuimba. Alisimama mlangoni na nakala ya kanuni za chuo, akimsomea kila aliyepita kifungu kinachohusu jopo.

Alimsaidia shangazi kutunga uzi sindanoni, akaondoka kabla sijamsomea sura mpya. Nilihisi amefanya makusudi.

Ijumaa, 9 Mei

Shangazi aliuliza leo, uzi ukiwa menoni: "Hiyo kofia yako ya dunia, huvaliwa na nani? Juu yake kuna nini? Na chini?"

Nilicheka. Nikamwambia nafasi haina juu wala chini, hakuna kitu nje yake.

"Kitambaa kisichokuwa na juu wala chini," alisema, "mimi sijakishona."

Jumatano, 14 Mei

Leo nimeufungua ukurasa wa kumi na moja. Nitaandika kwa utaratibu.

Swali la shangazi halikuniacha. Kitambaa kina pande mbili, urefu na upana. Dunia ina tatu. Asubuhi nilisimama dirishani nikitazama matone yakianguka katika maji yaliyotuama uani, kila tone likitoa duara, na kila duara likififia kadiri linavyopanuka. Ndivyo mvuto unavyotawanyika juu ya kitambaa: umbali ukiwa mara mbili, mzingo wa duara huwa mara mbili, na mvuto hubaki nusu. Lakini katika dunia yetu mvuto hautawanyiki juu ya duara bali juu ya tufe: umbali ukiwa mara mbili, uso wa tufe huwa mara nne, na mvuto hubaki robo. Huo ndio mraba wa umbali. Robo hiyo ndiyo iliyouweka mwezi ulipo.

Nami kitambaa changu chenye pande mbili kilinipa robo. Kilinipaje?

Mstari wa tisa. Nilipopaswa kuandika mzingo wa duara, niliandika uso wa tufe. Sikughushi, naapa kwamba sikughushi. Nilikuwa nikilijua jibu tangu kidato cha tatu, na mkono ukalitia mahali pa swali, kisha kurasa ishirini na tisa zilizofuata zikalishangilia kana kwamba zimelivumbua.

Nimejaribu kuiokoa tangu saa tatu asubuhi. Nikasema: basi kitambaa kiwe na unene, nafasi iwe kama boflo, mkate mnene. Mraba unarudi kwa haki yake. Lakini tundu ndani ya boflo ni kipovu, na kipovu hakina ukingo. Uzungushie uzi, uzi utateleza ubavuni na kuchomoka. Bila uzi, hakuna mara nane. Bila hesabu ya mizunguko, hakuna chaji. Bila chaji hakuna chumvi, hakuna radi, hakuna mkono unaoandika haya. Nikiushika uvutano, chaji inaniponyoka. Nikiishika chaji, mwezi unapotea. Shangazi hushona juu ya kitambaa kilicholala bapa. Nilichukua ubapa wake nikauita ulimwengu.

Maneno manne ya Daktari Kyalo hayakuwa dharau. Yalikuwa ni swali, na ndilo swali pekee lililostahili kuulizwa. Mimi nikalifanya wimbo.

Mraba huu umetoka wapi? Umetoka kwangu.

Alhamisi, 15 Mei

Pengine kuna njia. Pengine uzi wenyewe ni wa pande mbili, kama utepe. Nipewe wiki mbili.

Ijumaa, 16 Mei

Nilikwenda Shimanzi mchana. Trizah aliniita. Njia yote ilikuwa tope na malori yamepangana hadi barabara kuu. Kibanda chake kiko getini, meza moja, kiti kimoja, mabati juu. Tulizungumza kwa kupaza sauti kwa sababu ya mvua.

"Barua ya radhi ninayo mkobani," alisema. "Nimeiandika mara mbili. Sentensi moja inanikaba: mgomo haukuwa na sababu. Sababu ilikuwepo. Walikunyima jopo, na hilo ni kosa hata kama ungekuwa umeandika mapishi ya biriani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Lakini ufadhili unafungwa tarehe thelathini, na baba hana tena mshahara. Kwa hivyo nakuuliza kitu kimoja, Athmani, na usinihutubie. Kazi yako inasimama? Ikiwa inasimama, nasubiri nawe mpaka Juni, maana mbele ya kamati hawatakuwa na la kusema, na nitamwandikia mfadhili anivumilie wiki hizo. Ikiwa haisimami, niambie tu. Kesho natia sahihi, sitakuchukia, na roho yangu itatulia."

Lori likapiga honi. Alitoka, akaandika namba ya kontena, akarudi na matone usoni.

"Haya. Inasimama?"

Nilifikiria ule utepe. Nilifikiria watu waliotikisa ukumbi. Nilifikiria Kombe akimaliza kahawa yake. Nikawaza kwamba siku kumi na nne ni nyingi, kwamba ukweli unaweza kuchelewa njiani na bado ukawa ni ukweli utakapofika.

"Inasimama," nilisema.

Kisha aliitoa barua, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. "Afadhali," alisema. "Hii meza ilikuwa inaniudhi."

Jumanne, 20 Mei

Utepe hausaidii.

Alhamisi, 22 Mei

Hausaidii. Nimeugeuza kila upande.

Jumatatu, 26 Mei

Nilifika Shimanzi, nikamwona kwa mbali ameinama juu ya daftari lake, mwavuli begani, akibishana na dereva kwa kicheko. Nikarudi.

Kila alfajiri naamka na sentensi moja imekamilika mdomoni: Trizah, haisimami. Maneno mawili. Mimi niliyesema saa mbili mfululizo juu ya meza bila karatasi.

Ijumaa, 30 Mei

Ofisi hufungwa saa kumi na moja. Nilikaa kitandani nikiitazama saa mpaka ikapita, kisha mwili wote ukalegea, na kilichonitisha ni kwamba kulegea kule kulifanana na raha.

Jumatano, 4 Juni

Mvua imepungua. Nadharia sijaigusa. Shangazi anasema nimekonda, ananipikia uji wa mtama. Zamani nilidhani nafasi ni kitu na sisi ni upungufu. Sasa naona haikuwa fizikia hata kidogo, ilikuwa ni kijana mmoja anayetafuta njia ya kutukuka kwa kutokuwepo. Kuwepo kunamtaka mtu aseme "haisimami" kwa mtu aliye mbele yake.

Jumanne, 17 Juni

Kamati ilikuwa ya watu watano, na maji ya chupa. Trizah aliketi kushoto kwangu. Alikuwa amevaa koti la kuazima na mbele yake ameweka kanuni za chuo, kile kifungu kikiwa kimepigwa mstari.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona Daktari Kyalo kama adui. Nilimwona mtu mfupi mwenye kikohozi, aliyebeba mradi wangu ndani ya bahasha ya plastiki usilowe. Alizungumza kwanza.

"Jopo nilimnyima," alisema. "Nilikuwa na miradi sitini na wiki moja. Hilo nilikosea, na liandikwe. Lakini niliacha swali pale kwa sababu nilidhani atakuja kuniuliza. Mwanafunzi wa namna hii huwa anakuja. Badala yake nikalisikia dirishani likiimbwa."

Mwenyekiti akanigeukia. Nilikuwa na hotuba ya kurasa saba. Niliiacha. Nikasema kazi haisimami. Nikaeleza mstari wa tisa, duara na tufe, uzi na kipovu. Daktari Kyalo alitikisa kichwa mara mbili, polepole, na ilikuwa heshima kubwa kuliko niliyopata kupewa na umati. Nikasema wenzangu walinifuata kwa neno langu, na kwamba adhabu iwe yangu peke yangu. Nilihisi, Mungu anisamehe, kwamba nasema vizuri.

"Na kosa hili uliligundua lini?" mwenyekiti akauliza, kalamu mkononi.

Swali dogo, la kujaza fomu.

"Tarehe kumi na nne Mei."

Trizah hakuniangalia. Aliufunga mfuniko wa kalamu yake. "Siku mbili," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anamtajia dereva uzito. "Ulikuwa unajua kwa siku mbili."

Mwenyekiti akamwuliza kama ana la kuongeza. Akasema analo: kwamba mwanafunzi aliyeangushwa ana haki ya jopo, kifungu cha tisa, na kwamba kazi iwe sahihi au iwe upuuzi, kifungu hakibadiliki. Alikisoma chote. Kisha akakunja karatasi zake, akawaaga wote watano kwa heshima, akatoka.

Nilimfuata hadi nje. Alikuwa amekwishapanda tuktuk.

Jumatatu, 30 Juni

Uamuzi umetoka. Mimi nimerejeshwa kwa onyo, "kwa kuzingatia uungwana wa kukiri kwake." Trizah naye amerejeshwa, bila onyo. Lakini ufadhili haukumsubiri. Tarehe 2 Juni ulipewa mwanafunzi mwingine. Karo hawezi. Yuko huru kurudi mahali asipoweza kurudi.

Waliniita muungwana. Nimeisoma barua mara tatu.

Jumatano, 2 Julai

Jua. Nimeripoti chuoni. Kombe alinisogezea nafasi kwenye benchi. Nilipoanza kumwomba radhi alisema, "Wacha, komredi, usije ukanihutubia tena," akanipa maandishi ya wiki zote nilizokosa. Yameandikwa vizuri. Sikujua ana mwandiko mzuri.

Jioni alinijia Cynthia, wa mwaka wa pili, macho yanawaka. "Kaka Athmani, tuna watu mia mbili. Ijumaa tunagoma. Ufadhili wa Trizah urudishwe, hatutoki mpaka urudishwe. Wewe ndiwe utakayesema."

Nilimwambia nitamwuliza kwanza mwenyewe.

"Kumwuliza?" alishangaa. "Si tunampigania?"

Alhamisi, 3 Julai

Shimanzi, mchana. Vumbi sasa badala ya tope. Alinikaribisha kiti, yeye akabaki amesimama. Nilimwambia kwamba nilimdanganya, akasema, "Najua, nilikuwepo." Nilimwambia kwamba sina udhuru, akasema, "Basi usiutafute hapa, nina malori kumi na manne."

Nikamweleza mpango wa Cynthia. Alisikiliza huku akihesabu makontena kwa ncha ya kalamu.

"Ufadhili hauko chuoni," alisema. "Uko kwa mtu. Msichana wa mwaka wa kwanza, ametoka Mariakani. Mnajua jina lake?"

Sikulijua.

"Nyevu. Alinipigia simu kuniomba msamaha, analia, kana kwamba ameniibia. Nikamwambia asome. Sasa mnataka watu mia mbili wapige kelele mpaka anyang'anywe?" Aliweka kalamu mezani. "Kawaambie mwenyewe amesema hapana. Hilo tu. Na jina la yule mtoto lisitoke kinywani mwako, wasije wakamfuata bwenini. Usieleze, usipambe, usiongeze hata neno. Nakujua."

"Nawe utafanya nini?"

"Nitafanya kazi," alisema. "Lori hilo, tafadhali. Umesimama njiani."

Ijumaa, 4 Julai

Walikuwa wengi kuliko mia mbili. Walinipandisha juu ya meza ileile ya maktaba, ambayo walikuwa wameileta uani. Nikaziona nyuso zao zimeinuliwa, na mwili wangu ukakumbuka kila kitu: pumzi, mkono, mahali pa kutua. Ningeweza kuwapeleka popote.

"Trizah amesema hapana," nilisema. "Mwenyewe amesema hapana."

Wakangoja.

"Ongeza!" mtu akapiga kelele. Wengine wakalidaka neno. "Ongeza! Ongeza!"

Nilikuwa na sababu yote ulimini. Jina moja tu, na nusu yao wangekwenda nyumbani. Na nusu nyingine, labda, wangekwenda bwenini. Nilikuwa nimeahidi. Nikashuka. Cynthia alinikaribia kwa hasira. "Wamekupa nini, kaka?" aliuliza, na hakungoja jibu, alipanda mahali pangu.

Ana sauti nzuri, iliyo bora kuliko yangu, na anaamini kila neno. Nilimsikia mpaka getini, na baada ya geti. Alilitaja jina la Trizah mara saba, na kila mara wakaitikia. Nilipofika barabarani walikuwa wameanza kuandamana kuelekea ofisi ya ufadhili, wakiimba kwamba chake kirudishwe, popote kilipo, na kwa yeyote aliyenacho.